Mama Twende, Mwenye Nyumba ya Mwisho

Ndugu, jamaa, majirani, marafiki, na ninyi viongozi wa Muungano wa kutafutia watu makazi, mliofika mapema kuliko sisi wenye msiba. Mimi ni mdogo wake marehemu, ninayemfuata kuzaliwa, na kwa kazi ni fundi cherehani. Familia imenipa mimi kazi ya kuandika wasifu huu kwa sababu, kwa maneno ya shemeji yangu, "wewe ndiye mwenye mdomo." Kabla sijaanza niseme jambo moja. Juzi afisa habari wa Muungano alituletea wasifu ulioandikwa tayari, picha imeshawekwa, na pembeni maua yamechorwa. Ulikuwa umeandikwa vizuri sana. Tulimrudishia. Huu mtakaousikia ndio wa familia, na pale unapopingana na ule, naomba mfuate huu.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1961, mtoto wa kwanza kati ya watoto wanne wa baba mpasua mbao na mama mshonaji. Alizaliwa katika nyumba za kiwanda cha mbao alikoajiriwa baba, chumba ambacho dirisha lake lilitazama rundo la unga wa mbao, na sote tulikua tukipiga chafya. Ule wasifu mwingine ulisema alizaliwa "katika familia maskini isiyo na makazi." Si kweli. Tulikuwa na vitanda viwili vizito alivyovitengeneza baba kwa mikono yake, kabati la vyombo, na cherehani ya kukanyaga ambayo ndiyo ninayoitumia mpaka leo. Mwaka 1975 mkanda wa mashine ulikatika ukampiga baba, akafariki. Kabla hatujamaliza kulia, meneja alimtuma karani aje kutuambia kwamba nyumba ni za wafanyakazi, na mfanyakazi hayupo tena. Vitanda vikatolewa nje. Mama alikaa juu ya kitanda kimoja katikati ya barabara, mkono ameuweka juu ya cherehani, na magari yakampita huku na huku yakipiga honi. Kwa hiyo hatukuwa familia isiyo na makazi. Tulifukuzwa, na aliyetufukuza alikuwa na ofisi na dereva. Tangu hapo mtu akisema "hawa wasio na makazi" kana kwamba walizaliwa hivyo, Dada alimkatiza: "Aliwatoa nani?" Alimkatiza hivyo hata waziri mmoja.

Marehemu alianza shule ya msingi mwaka 1968. Alikuwa mwepesi darasani, hesabu na kusoma hakuna aliyemshinda, lakini kushoto na kulia vilimpiga chenga maisha yake yote. Siku ya gwaride mwalimu aliposema kulia geuka, mstari mzima uligeuka kulia, yeye akageuka kushoto, akajikuta pua kwa pua na msichana wa kando yake, na wote wawili wakacheka mpaka wakatolewa nje. Mama akamfunga utepe mwekundu mkono wa kulia. Haukusaidia, kwa sababu hakuwa anakumbuka utepe ni wa upande gani. Baada ya baba kufariki mjomba alituchukua, akamsomesha sekondari mpaka mwaka 1978, kisha akasoma uhazili mwaka mmoja. Cheti chake kipo, na alama zake ni nzuri kuliko za baadhi ya watu waliokuja baadaye kumfundisha kazi.

Mwaka 1981 aliajiriwa mapokezi katika hospitali kubwa ya mji. Fikirieni wenyewe. Mtu asiyejua kushoto na kulia amewekwa kwenye meza ambayo kazi yake ni kuelekeza. Mgonjwa aliyeuliza maabara alitokea chumba cha maiti. Baba mmoja aliyekuja kumwona mkewe aliyejifungua alijikuta wodi ya wanaume waliovunjika miguu, akakaa hapo akisubiri kuletewa mtoto. Dada alipoona anawatesa watu, akaanza kuinuka mezani na kumpeleka kila mtu mwenyewe. "Twende," anasema, anachukua mfuko wa mgonjwa, anatangulia. Matroni akamwita ofisini.

"Kazi yako ni kukaa pale na kuonyesha kwa kidole."

"Kidole ndicho kinachokosea, Matroni. Miguu yangu haijampoteza mtu."

Matroni alikuwa mkali lakini si mjinga, akamwacha. Ndivyo alivyopata jina la Mama Twende, akiwa bado hana hata mchumba, seuze mtoto.

Mchumba alipatikana kwa mtindo huo huo. Shemeji yangu, ambaye ni fundi mwashi, alisimama nje ya hospitali akamwuliza njia ya kwenda kwenye jengo walikokuwa wakihitaji waashi. Dada alikuwa anawahi kuingia kazini, akamwambia, "Nenda mpaka mwisho, kata kushoto." Fundi wa watu akakata kushoto, akatokea machinjioni. Alirudi amefura, akamsubiri mpaka akatoka. "Dada, ulinituma nikachinjwe?" Dada akaona aibu, akasema, "Samahani, kaka. Twende." Jengo lilikuwa mbali, na kazi zilikuwa zimeshajaa walipofika, kwa hiyo ikabidi warudi wote wawili kwa miguu. Shemeji anasema mpaka leo hajui kama siku ile alikosea au alifanya makusudi, na kila alipomwuliza, Dada alimwambia ajijibu mwenyewe. Walifunga ndoa tarehe 14 Aprili 1984. Mungu aliwajalia watoto wawili, wa kike mwaka 1985 na wa kiume mwaka 1989. Ilikuwa ndoa yenye ubishi mwingi na vicheko vingi, na katika miaka yote hiyo shemeji hakumwachia asome ramani hata mara moja.

Hapo hospitalini ndipo kazi yake ya kweli ilipoanzia. Kuna siku alimsindikiza hadi getini mama mmoja mwenye mtoto mchanga, mama akashukuru, lakini haondoki. Anakwenda hatua mbili, anasimama. Dada akamwuliza nyumbani ni wapi. "Popote, dada yangu," mama akasema. Dada akamwambia twende basi hapo popote, akafuatana naye mpaka sokoni, nyuma ya mabanda ya nyama, ambako mama yule alikuwa ametandika maboksi chini ya meza. Mtoto alikuwa na siku tatu. Na karatasi ya hospitali aliyoishika mama ilisema "ameruhusiwa kwenda nyumbani." Dada alirudi hospitali siku ile ile, akapita ofisi hadi ofisi akiuliza ni nani aliyeandika neno nyumbani, na alikuwa amemaanisha wapi. Aliambiwa asijitafutie matatizo. Mtoto yule alikufa kabla ya kutambaa. Nasema hili hapa kwa sababu Dada alilisema kila mwaka, na mwaka huu hayupo wa kulisema.

Aliacha hospitali mwaka 1991, akaenda kupika katika jiko la watawa waliokuwa wakilisha watu wa mitaani. Huko akakuta jambo lililomfanya asilale. Mji ulikuwa na vitanda. Kulikuwa na bweni la wanaume la kanisa moja, nyumba ya akina mama ya kanisa jingine, hosteli ya msikiti mmoja, zahanati ya vidonda, na wakili aliyesaidia bure wapangaji waliotupiwa vitu nje. Lakini hakuna aliyekuwa akimjua mwenzake. Bweni hili halipokei mlevi. Nyumba ile haipokei mama mwenye mvulana mkubwa. Ile nyingine inafunga mlango saa kumi jioni, na jiko la chakula linafungua saa kumi jioni, kwa hiyo mtu achague, ale au alale. Na kila mlango ulikuwa na mtu mwenye adabu anayemwelekeza mwenye shida mlango mwingine. Watu walipigwa danadana hivyo mpaka giza likaingia, na kila ofisi ikaenda kulala ikijua kwamba imemsaidia mtu.

Dada akaanza kuwapeleka. Akimaliza kupika anavua aproni, anasema twende, anaingia na mtu bwenini, anasimama. Si kwamba alikuwa na hoja kubwa. Alikuwa anasimama tu pale mlangoni hana haraka, anaulizia hali ya watoto wa mlinzi, na mtu wake yuko ubavuni. Ni rahisi kumwambia mtu mmoja mchafu kwamba nafasi zimejaa. Ni vigumu kumwambia huku mpishi wa watawa anakutazama usoni na anaona kitanda nyuma yako. Mwaka 1996 wakuu wa taasisi zile, kwa kuchoka kumwona, walikubali kukutana naye jikoni, kati ya masufuria, na hapo ndipo Muungano ulipozaliwa. Sharti lake lilikuwa moja: mtu haelekezwi, anasindikizwa. Ukimpokea mtu, ni wako mpaka aonyeshwe kitanda. Zikawekwa zamu, na kila mtu aliingia zamu, mhasibu, wakili, daktari, hata mchungaji mkuu, ambaye alilalamika kuhusu viatu vyake mpaka akanunua vingine. Baadaye wataalamu walikuja kutoka miji mingine kujifunza "falsafa" hiyo. Sisi nyumbani tulikuwa tunacheka, kwa sababu tulijua falsafa ilitoka kwenye utepe mwekundu. Lakini ilifanya kazi. Miji yote ya kanda hii iliiga, na kwa miaka mingi hakuna mtu aliyelala nje kwa sababu ya kutojua mlango.

Sasa niseme kuhusu nyumba, na hapa naomba mnisikilize vizuri. Shemeji alijenga nyumba ya vyumba vinne kwa ajili ya uzee wao. Aliijenga mwenyewe, Jumapili na sikukuu, kwa miaka kumi na moja, na mimi nilishona mapazia. Ilipokamilika mwaka 2003, kabla hawajahamia, Dada akamwomba amwazime kwa msimu mmoja wa mvua. Kulikuwa na watu ambao hakuna mlango wa Muungano uliowapokea: mwenye kuongea peke yake, mwenye kunywa, mzee asiyetaka kuachana na mbwa wake. Wote walikuwa wamesindikizwa kila mahali na wakakataliwa kila mahali, kwa hiyo akasema lazima iwepo nyumba ya mwisho ambayo haina sharti. Jina likakaa hivyo, Nyumba ya Mwisho. Msimu wa mvua ukaisha. Shemeji alikwenda kuangalia kama watu wameondoka, akamkuta mzee wa mbwa anapanda mchicha uani. Akarudi nyumbani akasema, "Basi, tutapanga mwaka mwingine." Marehemu na mumewe wamekuwa wapangaji wa vyumba viwili mpaka leo. Mapazia yangu yamefuliwa hadi yamepauka, na si yeye aliyechungulia dirishani kupitia hayo mapazia. Ule wasifu mwingine unasema "alitoa nyumba yake kwa Muungano." Hakutoa. Aliwaazima, na si Muungano aliouazima, ni wale watu.

Muungano ukakua. Ukapata magari, ukapata vyeo, ukapata jengo la kupanga lenye viyoyozi. Mwaka 2018 akaletwa Mkurugenzi aliyepo hapa mbele, mtu msomi, nadhifu, mwenye maneno laini. Alipiga hesabu akaona kusindikiza ni kupoteza muda wa wafanyakazi. Badala yake ukaja mtambo wa kompyuta. Mtu anafika ofisini, anaandikishwa, mtambo unatafuta kitanda kilicho wazi, unamtumia ujumbe kwenye simu: nenda mahali fulani. Mtambo ukishatuma, unaandika "amepata makazi." Zamu zikafutwa. Dada alipinga kwenye kikao, akaambiwa ana mapenzi makubwa na mambo ya zamani. Akauliza, na asiye na simu je? Akaambiwa hao ni wachache.

Mwezi Juni mwaka 2021, siku ya mvua, alifika pale ofisini mzee tuliyemwita Bwana Saa. Wengi mnamkumbuka. Alitengeneza saa za mkononi kwenye kimeza cha kando ya benki mpaka macho yakafifia na watu wakaacha kuvaa saa, na mwenye chumba akamtoa. Siku ile alikuwa na homa. Simu alikuwa nayo, ila kusoma kioo chake hakuweza. Msichana wa mapokezi alimsomea ujumbe: nenda bweni la wanaume. Akainuka ili ampeleke, akaambiwa akae, zamu zimefutwa. Bwana Saa akaenda peke yake, kwa mvua, akafika, akakuta bweni limefungwa linapakwa rangi. Lilikuwa limefungwa tangu wiki iliyotangulia, na hakuna aliyeuambia mtambo, kwa sababu kila mmoja alidhani mwenzake ameuambia. Wakati wa zamu kosa kama hilo lisingeweza kupita jioni moja, maana msindikizaji angekuwa amesimama naye mbele ya mlango uliofungwa, analowa naye, anatukana naye, wanatafuta pengine. Mzee akarudi ofisini, akakuta pamefungwa. Asubuhi walimkuta kwenye ngazi za Muungano, amefariki. Kwenye mtambo alikuwa amepata makazi.

Mwezi uliofuata ulikuwa na mkutano mkuu, wafadhili wameketi, na Mkurugenzi akatangaza kwamba mwezi Juni kila aliyeandikishwa alipata makazi. Dada alisimama. Hakumung'unya maneno wala hakupaza sauti. Alisema, "Mmoja wao makazi yake ni kaburi, na mimi nimechangia sanda yake. Andikeni hivyo." Kisha akawaeleza wafadhili jambo lote, hatua kwa hatua, kuanzia mapokezi mpaka kwenye ngazi. Waliokuwapo wanasema hakuna aliyegusa chakula cha mchana, isipokuwa Mwenyekiti wa Muungano.

Ule wasifu mwingine unasema kwamba mwezi Machi 2022 marehemu "alistaafu kwa hiari ili apate muda wa familia." Familia ndiyo sisi. Hatukumwomba. Mwenyekiti alimwita, akamwambia, "Mama, umechoka, pumzika, utuachie vijana," akampaka mafuta kwa mgongo wa chupa mpaka akamfikisha mlangoni, na mlinzi akamnyang'anya kitambulisho. Zawadi waliyompa ni saa ya ukutani. Baada ya Bwana Saa, mtu alikwenda dukani, akachagua, akafungisha kwa karatasi ya zawadi saa ya ukutani. Shemeji aliitundika chooni, na ndipo ilipo.

Kuugua kwake kulianza kabla ya hapo. Daktari aligundua mwaka 2020 kwamba moyo umepanuka. Miguu ilivimba, pumzi ikawa fupi, na mwisho akawa analala amekaa, mito minne mgongoni. Alikatazwa kutembea mwendo mrefu. Akawa anatembea mwendo mrefu. Baada ya kutolewa Muungano aliendelea kukaa kwenye ukuta mfupi nje ya ofisi yao, na kila aliyetoka na ujumbe wa simu asioelewa, alimchukua. Nilimgombeza. Nilimwambia, "Dada, una wajukuu." Akanijibu, "Nao wana nyumba." Mnaomlilia leo mkisema alikuwa na moyo mkubwa, ni kweli, daktari alituonyesha picha yake, na ndio uliomwua. Nina hasira na Muungano, lakini sitaficha kwamba nina hasira na yeye pia. Alikuwa na kichwa kigumu, na alitugawia sisi kilichobaki baada ya kumaliza kuwagawia wengine.

Alilazwa tarehe 26 Januari mwaka huu. Tarehe 2 Februari, siku ya Jumapili, mgonjwa wa kitanda cha jirani aliruhusiwa kwenda nyumbani. Ni mama wa makamo, amefanyiwa upasuaji, na hakuwa na huko nyumbani. Muuguzi alimwandikia anwani ya ofisi ya Muungano akampa. Dada, ambaye kwa siku mbili hakuwa ameongea sentensi nzima, akamwita binti yake. "Mpeleke kwenye Nyumba ya Mwisho. Uingie naye mpaka ndani, umwonyeshe kitanda. Usiishie getini." Binti akasema, "Mama, siwezi kukuacha hivi." Mama yake akamwambia, "Nimekuomba." Binti akaenda. Aliporudi mchana, kitanda cha mama yake kilikuwa kimefunikwa shuka mpaka juu. Alikuwa na umri wa miaka 63. Tangu siku ile mpwa wangu ananiuliza kama nimemsamehe mama yake kwa hilo, na mimi namwuliza yeye. Nilimpenda dada yangu kuliko mtu yeyote duniani, na hilo la Jumapili bado sijalikubali.

Siku ya tatu ya msiba, tumekaa kwenye mikeka, Mwenyekiti na Mkurugenzi walikuja kutupa pole. Walikuja na mchoro. Nyumba ya Mwisho itageuzwa kuwa makao makuu ya kanda, na ukuta wa kati utabomolewa upatikane ukumbi wa mikutano, utakaoitwa Ukumbi wa Mama Twende. Ukumbi wa kukaa, wenye viti vya kuzunguka. Waliokuwa wakiishi humo walikuwa wameshapewa notisi ya kuondoka mwisho wa mwezi huu, na walipewa siku ile ile Dada alipofariki. Shemeji aliutazama mchoro, akauliza, "Na wao watalala wapi?" Mkurugenzi akasema, "Watapatiwa rufaa, mzee. Kila mmoja atatumiwa ujumbe." Nilitaka kusema neno, shemeji akanishika mkono. Aliniambia nilitunze neno hilo kwa siku ya leo, na leo ndiyo hii.

Kwa hiyo, kwa niaba ya mumewe ambaye ndiye mwenye nyumba, na watoto wake wote wawili ambao wamekubali, natangaza mbele ya jeneza. Nyumba haikutolewa. Notisi haina kazi. Hakuna atakayeondoka mwisho wa mwezi huu wala mwezi ujao, na kitasa kimebadilishwa jana. Muungano ukitaka ukumbi, ujenge kwa pesa zake, na uupe jina lolote isipokuwa hilo. Kama siku moja mtarudisha zamu, njooni tuzungumze, chai itakuwepo. Mpaka hapo msilete mchoro mwingine katika msiba wetu.

Maneno ya mwisho hayamo kwenye karatasi mlizoshika. Nimeyaandika hapa hapa, nikiwa nimesimama pembeni, baada ya kuona nani amekaa wapi.

Marehemu ameacha mume. Ameacha binti mmoja, mtoto wa kiume mmoja, na wajukuu watano. Ameacha wadogo zake watatu. Ameacha pia wa nyumbani kwake: mzee wa mchicha, ambaye mbwa wake wa tatu amefungwa pale kwenye uzio, dada yetu anayeongea peke yake, na leo amenyamaza tangu asubuhi, mpiga debe wa zamani na mkewe, kinyozi asiyeona, mama na mapacha wake, fundi redio, ambaye amekuja hajanywa, na tunamshukuru, na mama mmoja wa makamo ambaye hatujamzoea bado, aliyefika Jumapili, mshono wake haujapona, na ambaye Dada alimtoa binti yake mwenyewe ubavuni ili asiachwe njiani. Hawa nawaona. Wamesimama kule nyuma ya turubai, juani, kwa sababu vijana wa Muungano wenye fulana waliwaambia mabenchi ni ya wageni.

Hao si wageni, ni wafiwa, na wafiwa hukaa mbele. Mwenyekiti, Mkurugenzi, na ninyi nyote mlio nao kwenye mabenchi hayo mawili, naomba msimame. Binti wa marehemu ameshatoka kwenda kuwachukua kule nyuma, mmoja mmoja, na kila mmoja ataonyeshwa mahali pa kukaa. Kuna mwenye mshono, kwa hiyo itachukua muda. Shemeji amesema jeneza halishuki mpaka wote waketi.

Kisha tutamzika. Dada yetu apumzike kwa amani, na aliyemchosha ajijue.